Kikao cha sanaa kisicho na mtihani

Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, hutajwa karibu kila mara demensia inapozungumzwa nchini, na kwa kawaida mazungumzo huishia kwenye takwimu: mwaka 2010, miongoni mwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, kiwango cha wenye demensia kilikadiriwa kuwa asilimia 6.4. Kilichonivutia mimi ni njiti za kiberiti.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa nchi za Magharibi humtaka mzee ashike kalamu na kunakili mchoro. Asiyewahi kukaa darasani anaweza kushindwa hata kama akili yake ni timamu. Kwa hiyo katika kipimo cha IDEA, kilichotokana na kazi ya Hai, mpimaji hupanga njiti kwa umbo fulani na mzee hulirudia. Kalamu imeondoka, kazi ya ubongo imebaki.

Mantiki hiyo ilifuatwa tena katika vikao vya kuchangamsha akili, tiba iliyojaribiwa Uingereza na matokeo yake kutolewa mwaka 2003: vikao 14 kwa wiki saba, vya michezo, nyimbo, chakula, utoto na kazi za mikono. Huko Hai vilirekebishwa viwafae wasiojua kusoma. Washiriki 34 wenye demensia nyepesi hadi ya wastani walionyesha nafuu ya uwezo wa akili na ya wasiwasi, na walezi nao wakapungukiwa na taabu. Idadi hiyo ni ndogo, nami nisingeijengea sera ya taifa. Ila mbinu inaeleweka, na inaweza kuhamishwa.

Tuipeleke Kikole, Kilwa, kijiji ambacho mwaka 2009, pamoja na Kisangi, kilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi wa msitu wake. Mpingo upo, na mtu wa mjini angefikiria uchongaji mara moja. Mimi ningekataa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, na patasi katika mkono unaotetemeka ni hatari. Kipande kilichokwisha kulainishwa kipitishwe mikononi, kipimwe uzito, kigongwe kisikike mlio wake. Kazi yenyewe iwe kusuka ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka.

Ukili unafaa kwa sababu ya jinsi ubongo unavyohifadhi mambo. Demensia ya Alzheimer huanza kuharibu sehemu inayoshika matukio mapya, ilhali ustadi wa mikono uliozoeleka tangu ujana hutegemea sehemu nyingine, ambazo huchelewa kuguswa. Bibi asiyekumbuka kama amekunywa chai anaweza bado kuupokea msuko ulioanzishwa na kuuendeleza. Aanzishiwe, kwa kuwa kuanza na kupanga hatua ndiko kunakomshinda. Miyaa itiwe rangi kali, nyekundu kando ya nyeupe, maana mwenye mtoto wa jicho haoni vizuri tofauti ya kahawia hii na kahawia ile.

Sehemu ngumu zaidi ni maswali. Mwaka 1998 Mmarekani Anne Basting alianzisha TimeSlips, ambapo kundi huonyeshwa picha na kutunga hadithi yake. Kila jibu huandikwa na hakuna linalokosolewa. Ukimuuliza mzee, “Bibi, mkeka huu uliusuka lini?” umempa mtihani. Ukimuuliza, “Bibi, mkeka huu tumtandikie nani?” hawezi kukosea. Mkwe au mjukuu aliyekaa pembeni kwa kawaida humjibia, tena kwa nia njema kabisa. Kumkataza kunaleta aibu mbele za watu. Apewe ukili wake mwenyewe asuke. Mikono na macho vikishughulika, ulimi hupunguza kasi.

Ratiba ya mara mbili kwa wiki ndiyo inayonitia shaka. Mlezi wa Kikole ni mkulima pia, na wakati wa kuvuna ufuta au kuokota korosho hatakuja, wala mzee hatafika peke yake. Wiki hizo saba zitafutwe kati ya misimu hiyo miwili, na tarehe zipangwe na walezi wenyewe kabla ya kununua hata pakiti moja ya rangi.