Kill Bill: Jinsi Programu ya Ankara Ilivyoandaliwa Kutumiwa na Wengi

Kill Bill, programu inayoandaa ankara na kukusanya malipo ya huduma zinazolipiwa kila mwezi au kila mwaka, ilianza kuandikwa mwaka 2010 katika kampuni ya Ning ya California, wakati kampuni hiyo ilipoacha kutoa bure huduma ya kuunda mitandao ya kijamii na kuanza kuwatoza wateja ada. Kuiweka chini ya leseni huria ya Apache 2.0, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, hakukutosha kuifanya iwafae wengine, kwa kuwa programu iliyozaliwa kwa haja ya mwajiri mmoja hubeba desturi zake hadi ndani ya msimbo. Hata majina ya sehemu za msimbo, yaliyokuwa na jina la Ning, yalibadilishwa yakachukua jina la mradi.

Katika malipo, kiini cha programu hakifungamani na benki wala kampuni yoyote ya kadi. Hutunza hesabu ya deni, na kazi ya kuwasiliana na mpokeaji malipo huachiwa programu-jalizi, yaani kipande cha msimbo kinachopachikwa kutoka nje bila kukigusa kiini. Aidha, muamala unaweza kubaki katika hali ya kusubiri hadi jibu lifike, jambo la lazima kwa njia kama M-Pesa, ambapo mteja huidhinisha malipo kwa simu yake baada ya ombi kutumwa.

Linalostahili sifa kuliko yote, hata hivyo, ni saa. Makosa ya ankara hujificha katika kalenda: aliyejiunga tarehe 31 atozwe lini mwezi Februari, na aliyebadilisha kifurushi katikati ya mwezi adaiwe kiasi gani? Kwa sababu hiyo programu ina saa yake ya ndani, ambayo katika hali ya majaribio huweza kusogezwa mbele kwa siku au miezi, ankara za mwaka mzima zikatokea na kukaguliwa kabla mteja halisi hajatozwa hata senti. Miradi mingi huria hutoa msimbo bila kumpa mgeni njia ya kuuhakiki, huu ulimpa.

Docker, inayofungasha programu pamoja na mahitaji yake, imerahisisha usakinishaji. Ugumu uliobaki umo katika katalogi, faili la XML linalobeba bei na vifurushi, kwa kuwa hapo ndipo biashara hulazimika kuandika kwa usahihi kanuni za bei ambazo pengine hazijawahi kuandikwa popote.