Linki ya Stabilaiza: Irefushwe au Ifupishwe?

Gari lililoinuliwa kwa spesa linajulikana mapema kwenye kona za Kilungu. Ukitoka Salama ukipanda kuelekea Nunguni, usukani ukikata kushoto, mwili wa gari unalalia kulia na abiria wa nyuma wanashikilia viti. Hapo ndipo mwenye gari anapokumbuka kwamba chini kule kuna chuma kinachoitwa stabilaiza.

Gari tulilolishughulikia mjini Wote ni Toyota Fielder, ile ya NZE141, yenye spesa za milimita 30 juu ya shokamzoba za mbele. Mwenyewe ni mama anayepeleka mitumba Kitui kila wiki, na spesa aliziweka kwa sababu ya msingi: gari lilikuwa linakwaruza tumbo kwenye drifti za mito ya mchanga. Likaacha kukwaruza, likaanza kugonga. Kila tuta, ngo! Gereji moja ikamuuzia linki za kurekebishika na kuzirefusha kwa milimita 30, kwa hoja kwamba gari limeinuka, basi linki nayo lazima iongezwe. Kugonga kukazidi.

Hoja hiyo inasikika sawa, na ndiyo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika kazi hii.

Stabilaiza ni chuma cha springi kilichopindwa mfano wa herufi U. Katikati kimeshikwa na bushi mbili za mpira kwenye fremu ya chini ya gari, na ncha zake zinaungana na magurudumu kupitia linki. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi. Likipanda moja, au mwili ukilala kwenye kona, chuma kinasokotwa na kukataa kusokotwa. Ugumu wake unatokana hasa na unene, tena kwa kipeo cha nne cha kipenyo: chuma cha milimita 22 ni kigumu karibu mara moja na nusu kuliko cha milimita 20. Linki inapitisha nguvu tu. Anayenunua linki za kurekebishika akitarajia gari liwe gumu zaidi kwenye kona amelipia kitu kisichokuwemo.

Kinachobadilika unapogusa urefu wa linki ni pembe ya mkono wa stabilaiza. Kwenye Fielder hii linki inaning'inia: ncha ya juu imefungwa kwenye mwili wa shokamzoba, ya chini kwenye ncha ya stabilaiza. Ukiweka spesa juu ya shokamzoba, mwili wa gari unapanda na shokamzoba inabaki chini pamoja na gurudumu. Kwa hiyo shokamzoba inasukuma linki chini, na linki inasukuma mkono wa stabilaiza chini. Mkono wa milimita 300 ukishushwa milimita 30 unainama karibu digrii 6. Ukirefusha linki kwa milimita 30 zaidi, unauinamisha kufikia karibu digrii 12. Ndicho tulichokikuta: rangi imechubuka pale stabilaiza ilipokuwa ikigusa mkono wa chini wa gurudumu, chuma kikimeta kama kilichosuguliwa kwa msasa. Dawa yake ilikuwa kufupisha.

Kwenye gari ambalo linki inashuka kutoka ncha ya stabilaiza hadi kwenye mkono wa chini au ekseli, hesabu inageuka. Huko gari likiinuliwa, linki ndefu ndiyo inayorudisha mkono mahali pake. Basi swali la kwanza si gari limeinuliwa kiasi gani, ni linki imekaa upande gani wa stabilaiza. Lala chini ya gari utazame kabla ya kutoa pesa kwenye maduka ya vipuri ya Grogan, Nairobi.

Tulianza kwa kuegesha gari juu ya saruji iliyo sawa na kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Ni muhimu kwa sababu springi iliyochoka upande mmoja itakufanya uilaumu linki bure. Kisha pande zote mbili za mbele ziliinuliwa kwa pamoja na kukalishwa kwenye stendi. Ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza inabaki imesokotwa, na nati ya mwisho ikitoka linki inaruka. Nyuzi zilisafishwa kwa brashi ya waya, zikatiwa mafuta ya kupenya, na alenki ikashika kichwa cha boljointi huku spana ikifungua nati. Bila alenki boljointi inazunguka pamoja na nati, na mwisho wake ni msumeno.

Linki hizi zina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, kila mmoja ukisogea milimita 1.5 kwa mzunguko. Mzunguko mmoja wa bomba la katikati hubadilisha urefu kwa milimita 3. Zilikuwa zimerefushwa milimita 30 kupita za kiwandani, nasi tulizitaka ziwe fupi kwa milimita 30 kuliko hizo: mizunguko 20 kila upande. Anayerefusha naye asisahau kwamba uzi unaobaki ndani ya bomba usipungue kipenyo cha bolti yenyewe.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi huiruka. Linki ya kushoto tuliifunga kabisa. Ya kulia tuliiacha ncha moja wazi, tukashusha gari likasimama kwa matairi yake juu ya shimo la gereji, mwenyewe akakaa kwenye kiti cha dereva. Fundi akiwa chini aligeuza bomba nusu mzunguko, robo, mpaka bolti ikaingia kwenye tundu kwa vidole viwili, bila kusukuma. "Imejiingia yenyewe, mama," akasema. Hapo stabilaiza haina msokoto wowote gari likiwa limesimama. Bolti ikilazimishwa kwa jeki au nyundo, gari litabeba uzito usio sawa magurudumuni na litakata kona ya kushoto tofauti na ya kulia.

Nati za kufungia zilikazwa, mstari wa rangi nyeupe ukachorwa juu ya kila moja, usukani ukazungushwa mwisho hadi mwisho kuhakikisha hakuna kinachogusa paipu ya breki wala rimu.

Kuhusu aina ya kununua, nasimama upande mmoja: linki zenye boljointi iliyofunikwa kwa mpira na kujaa grisi. Zile za mashindano zenye viungo vya chuma vilivyo wazi ni sahihi kwenye lami safi, lakini vumbi la Kitui litazila.

Wapo pia wanaozing'oa linki kabisa ili kelele iishe. Kelele inaisha kweli. Lakini gari lililoinuliwa limepandisha kitovu chake cha uzito, na ukilitwisha marobota juu bila stabilaiza, kona ya kwanza ya Kilungu inaweza kuwa ya mwisho. Tafadhali, usifanye hivyo.

Gari la mama lilijaribiwa kwa safari yake ya kawaida: Wote, Kathonzweni, Makindu, Kibwezi, kisha kuvuka mto Athi hadi Ikutha, Mutomo na Kitui, zaidi ya kilomita 200. Halikugonga. Tulipolipandisha tena juu ya shimo, nati moja ya kufungia ya upande wa kulia ilikuwa imelegea robo mzunguko, mstari mweupe umekatika. Tuliikaza na kuchora mwingine.