Ritifaa na Ruwaza: Kusaka Alama Maalumu katika Matini za XML

XML, iliyoidhinishwa mwaka 1998, huwawezesha wahariri kuhifadhi maandishi pamoja na maelezo yake ndani ya faili moja. Alama zisizo za kawaida husakwa humo kwa ruwaza, yaani fomula fupi inayoieleza kompyuta umbo la kinachotafutwa. Ruwaza iliyozoeleka ni [^\x00-\x7F]: hukamata kila alama iliyo nje ya zile 128 za ASCII. Lakini alama hizo ni maalumu kwa nani? ASCII ilitungwa Marekani kwa mahitaji ya Kiingereza. Hata Kifaransa, chenye é na ç, hakisalimiki.

Kwa Kiswahili tatizo limejificha katika ritifaa. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa U+0027 ya mashine ya taipu, kwa U+2019 ya wachapaji, au kwa U+02BC. Ruwaza iliyotajwa huiacha ya kwanza na kuzikamata mbili za mwisho, hivyo neno lilelile huonekana safi ukurasa huu na lenye dosari ukurasa ule. Isitoshe, ni U+02BC pekee ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi. Zilizobaki ni alama za uandishi, na ruwaza \w+ hulikata neno kuwa «ng» na «ombe». Mhariri anayeifuta ritifaa ili kuepuka usumbufu huo huigeuza ng'oa kuwa ngoa, na kitendo cha kung'oa mti kikawa wivu.

Tena, ritifaa yaweza kujificha ndani ya faili kwa umbo la &apos; au &#8217;. Yafaa basi faili isomwe kwanza na kichanganuzi cha XML, ndipo ruwaza itumike.

Hatari kubwa zaidi ni kusaka na kusahihisha kwa pigo moja. Historia ya Elisabethville, leo Lubumbashi, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, haifuati tahajia sanifu wala mipaka sanifu ya maneno. Katika matini ya namna hiyo, ritifaa isiyokuwapo ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyoandikwa Katanga; kuipachika kimyakimya ni kumnyamazisha mwandishi. Mwongozo wa TEI umekwisha kutoa njia: ndani ya elementi choice, umbo la asili huwekwa katika orig na lililosanifiwa katika reg, yote mawili yakisomeka.