Supu ya Rhotia Hupimwa Sufuriani

Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, kilomita 77 hivi, ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikishaupita mji wa Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali, huliacha Ziwa Manyara chini, kisha hutokea kwenye mashamba ya udongo mwekundu ya Rhotia, kabla ya mji wa Karatu. Magari mengi ya watalii hupita hapo yakiwahi kreta ya Ngorongoro. Wanaosimama ni madereva wa malori ya vitunguu vya Mang'ola, vijana wa bodaboda, mafundi ujenzi, walimu wanaowahi kipindi cha kwanza. Wanachokifuata ni supu ya asubuhi.

Wajapani waliogharimia lami hiyo nao ni watu wa supu. Kwao ipo rameni: tambi ndani ya mchuzi wa mifupa uliochemshwa kwa saa nyingi. Kwenye migahawa yake ya bei nafuu mteja hununua tiketi mashineni karibu na mlango, humkabidhi mpishi, hujimiminia maji mwenyewe, na penginepo hurudisha bakuli mwenyewe akimaliza. Huduma hupunguzwa ili pesa ya mteja iishie kwenye bakuli. Kibanda cha supu cha Rhotia kimefika mahali hapohapo kwa njia yake. Mtu hunawa kwenye ndoo ya koki, husogea hadi kwenye sufuria, huonyesha kipande anachokitaka, hubeba bakuli lake na kutafuta nafasi kwenye benchi. Anayepima kibanda kama hiki kwa viti na rangi ya ukuta anapima kitu ambacho mpishi hakukusudia kukigharimia. Kinachopimwa ni sufuria.

Kwanza, saa. Rhotia iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kongoro la ng'ombe linaijua vizuri. Linahitaji muda mrefu zaidi jikoni kuliko lingehitaji Tanga au Dar es Salaam, na hakuna viungo vinavyoweza kuufidia muda huo. Mpishi makini huinjika sufuria usiku, akaacha kuni chache zifanye kazi polepole, au huamka alfajiri kabla ya jogoo. Kwa hiyo mlaji anayejua hufika kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Akikuta moto ndiyo kwanza unawashwa saa moja na nusu, aagize chai.

Pili, mchemko wenyewe. Supu ya mbuzi hutaka moto mdogo, vipovu vichache vinavyopanda pembeni ya sufuria, na povu la mwanzo liwe limeenguliwa. Ikichemshwa kwa fujo, mafuta na maji huvurugana, mchuzi ukawa na ukungu. Kule Kyushu, kusini mwa Japani, wapishi wa rameni ya mifupa ya nguruwe huutafuta ukungu huo kwa makusudi: huchemsha kwa moto mkali hadi mchuzi uwe mweupe kama maziwa. Ni ufundi wenye heshima yake, lakini si wa mbuzi. Supu bora ya mbuzi ni ile ambayo mlaji anauona mfupa ukiwa chini ya bakuli, huku matone ya mafuta yakielea juu, madogo na machache. Ya makongoro huruhusiwa kuwa nzito na yenye ukungu kiasi, kwa sababu hiyo ndiyo asili yake.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea: kijiko cha kwanza kinywewe bila kuongezwa kitu. Bila ndimu, bila pilipili, bila chumvi ya ziada. Vitu hivyo vitatu vipo mezani kwa haki yake, lakini vina uwezo wa kuficha maji matupu. Supu iliyoiva huacha midomo ikinata kidogo. Huko kunata kunatoka kwenye kolajeni, protini ya ngozi, kano na maungio ya mifupa, ambayo kwa joto na muda hugeuka jelatini. Ndiyo maana supu ya makongoro iliyobaki ikapoa usiku wa Julai, wakati baridi ya Karatu inauma kweli, huganda ikatikisika. Kuganda huko ni cheti cha mpishi. Mchuzi uliopata ladha yake kutoka kwenye unga wa pakiti huwa mtamu sana mwanzoni, kisha huisha mdomoni ghafla na kuacha kiu.

Kongoro lina mtihani wake mwingine. Kabla ya kupikwa hubabuliwa kwa moto ili manyoya yaungue, kisha hukwanguliwa kwa kisu na kuoshwa. Kazi hii huchosha, na mpishi mvivu huikatisha njiani. Harufu ya nywele zilizoungua ikipanda kutoka kwenye bakuli, hakuna haja ya kuonja. Utumbo nao huhukumiwa kwa pua: ukioshwa vizuri hunuka nyama, si zizi.

Jambo moja halihusiani na ladha, ila ni zito kuliko ladha. Ukanda wa Ngorongoro umewahi kupata kimeta zaidi ya mara moja, ugonjwa unaoua mifugo na wanyamapori na unaoweza kumfika mtu anayechinja, kuchuna au kula mnyama mgonjwa. Nyama ya mfugo uliokutwa umekufa haipaswi kuingia jikoni kabisa, hata iwe ya bei gani. Kumuuliza mama mwenye kibanda nyama imetoka bucha gani, na kama imekaguliwa, si utovu wa adabu. Anayenunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi hujibu bila kusita, na mara nyingi humtaja mwenye bucha.

Chapati ipimwe kwa vidole. Ikivutwa, ifunguke tabaka kwa tabaka, ikibonyezwa, irudi, ikiachwa, isiache ziwa la mafuta kwenye sahani. Karatu hulima ngano, ingawa unga mwingi wa madukani Tanzania husagwa kutokana na ngano ya kuagizwa nje, kwa hiyo sifa ya chapati hapa ni ya mikono ya aliyeikanda. Asiyetaka chapati aombe ndizi za kuchemsha. Mto wa Mbu, chini tu ya ukuta wa Bonde la Ufa, ni nchi ya ndizi, nazo zikipikwa ndani ya mchuzi huipa supu uzito ambao chapati haiwezi.

Kuagiza ni kwepesi. Mgeni husalimia kwanza: shikamoo kwa mama aliyemzidi umri, habari za asubuhi kwa wengine. Kisha huomba akiwa mbele ya sufuria: "Mama, naomba kongoro, na chapati mbili." Anayetaka nyama ya mfupa aseme mapema, maana asiyesema anaweza kupewa steki, na steki ndiyo sehemu yenye machache ya kuchangia mchuzi. Japani, kwenye migahawa ya rameni ya Fukuoka, mteja mwenye mchuzi uliobaki huagiza tambi za pili. Rhotia mambo ni kinyume: chapati ikibaki, mtu hunyanyua bakuli na kuomba aongezewe supu kidogo, na vibanda vingi humwongezea bila malipo. Namna mama anavyoichota nyongeza hiyo inaeleza mengi. Anayezamisha upawa hadi chini, penye mifupa, anajiamini. Anayeongeza maji ya birika mbele ya mteja ameshamaliza supu yake, na kuanzia hapo kinachouzwa ni maji ya moto yenye kumbukumbu ya nyama.

Siku ya mnada wa Karatu hesabu hubadilika. Watu hushuka kutoka vijijini na mifugo tangu usiku, sufuria hukauka mapema, na kongoro ndilo hutangulia kuisha. Atakayechelewa aulize mbuzi. Ikiwa naye ameisha, maharage ya kibandani, yaliyokaa pembeni ya moto uleule tangu alfajiri, huwa yameiva vizuri kuliko siku nyingine yoyote.