Haki ya Mwenda kwa Miguu

Tumezoea kudhani kuwa uhakiki ni kazi ya vitabu peke yake. Shairi hupimwa kwa vina, mizani na maana yake. Hadithi hupimwa kwa watu wake na mwenendo wao. Walakini kila kitu kilichotungwa kwa akili ya binadamu chaweza kuhakikiwa, na barabara ni mojawapo. Kabla ya lami kumwagwa, barabara ilikuwa wazo kichwani mwa mtu, kisha ikawa mistari juu ya karatasi. Aliyechora mistari hiyo aliamua nani apite wapi, nani apewe nafasi pana na nani asubiri. Kwa hiyo tuna haki ya kumwuliza kama tumwulizavyo mtunzi wa kitabu: kazi hii umemtungia nani, na je, uliyemtungia amefaidika?

Katika nchi yetu swali hilo lina uzito mkubwa. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na husimuliwa kuwa baadhi ya njia zake za zamani zilifanywa pana ili gari la kukokotwa na jozi nyingi za ng'ombe liweze kugeuka. Ng'ombe wamekwisha kwenda zao, na motokaa imerithi upana ule. Mtu wa miguu hakurithi kitu. Lakini yeye ndiye mwenyeji: yapata safari nne katika kila kumi zifanywazo Nairobi kila siku hufanywa kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho, na hata apandaye matatu hushuka akatembea. Tena yeye ndiye afaye zaidi. Hesabu za ajali za Kenya, mwaka baada ya mwaka, huonyesha kuwa kati ya watu wanaouawa barabarani, waenda kwa miguu ni wengi kuliko madereva, kuliko abiria, na kuliko wapanda pikipiki.

Tuchukue kazi moja mashuhuri tuipime: barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, ambayo hayati Rais Mwai Kibaki aliifungua mwaka 2012. Mhakiki mwadilifu huanza na sifa. Barabara hii ya kilomita zipatazo 50 ni kazi ya ustadi. Msongamano uliokuwa ukiwachosha wasafiri ulipungua, miji iliyo kando yake ikakua, na mkulima akaweza kufikisha mazao yake sokoni kabla hayajanyauka. Mtu akiitazama kwa jicho la abiria, ana haki ya kuisifu.

Sasa na tuitazame kwa jicho la mama aliyebeba mzigo kichwani, ambaye nyumba yake iko upande huu na soko liko upande wa pili. Sehemu pana zaidi za barabara hiyo zina njia nane za motokaa, mbali na barabara ndogo za kando. Tuseme kila njia ina upana wa mita tatu u nusu. Basi mbele yake pana mita 28 za lami. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita moja na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo atahitaji sekunde 23 hivi kuvuka. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika muda ule itakuwa imekwenda mita 500 na zaidi. Maana yake ni kwamba ili avuke kwa amani, yatakiwa pasiwe na motokaa yoyote karibu naye kwa nusu kilomita. Mzee au mtoto, ambaye hatua yake ni fupi, atahitaji nafasi kubwa zaidi. Hesabu hii haina siri, na mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Mchoraji angeweza kuifanya pia kabla ya kuanza kazi.

Barabara ilipokwisha kufunguliwa, ilionekana upesi kuwa watu hawakuacha kuvuka. Matuta yakawekwa juu ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya kasi, kama mtu ashonaye kanzu ya harusi kisha akaitia kiraka siku ya pili. Madaraja ya miguu yakaongezwa baadaye, na waliovuka chini yake wakakamatwa na polisi. Hapa ndipo lawama kuu ya uhakiki huu ilipo. Mtu wa miguu hakukumbukwa wakati kalamu ilipokuwa mkononi. Alikumbukwa alipokwisha kuumia.

Wako wasemao kuwa kosa ni la watu wenyewe. Husema, "Daraja lipo, uvivu ndio unaowaua." Neno hili lafaa kupimwa, si kukubaliwa ovyo. Daraja lazima liwe juu kiasi cha mita tano u nusu ili lori lipite chini. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, mteremko mzuri hupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo. Basi atakwenda mita 66 kupanda na 66 kushuka, jumla 132, ili avuke mita 28 za barabara. Na ikiwa daraja liko mbali na kituo cha matatu, atarudi nyuma kulifuata, kisha atarudi tena upande wa pili. Usiku, pasipo taa, daraja hilo hilo huweza kuwa maficho ya wezi. Mtu akiona hayo yote akachagua kukimbia kuvuka chini, amekosea, na huenda akalipa kwa uhai wake. Lakini kosa lake lina baba, na baba huyo ni mchoro.

Ajabu ni kwamba mwaka 2022 tulionyeshwa kuwa mambo yaweza kugeuzwa. Ndipo ilipofunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo mjini hupita sehemu kubwa juu ya nguzo. Motokaa imepandishwa juu! Injini haitoki jasho, wala haina magoti yaumayo. Ikiwa fedha na maarifa vilipatikana vya kuinua maelfu ya motokaa angani kwa kilomita nyingi, ni vigumu kueleza kwa nini katika sehemu nyingine za mji ni mwenda kwa miguu aambiwaye apande ngazi ili motokaa isipunguze mwendo.

Si lazima twende ng'ambo kutafuta mfano mwema. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Vichochoro vyake ni vyembamba, kuta ndefu hutoa kivuli mchana, na baraza mbele ya nyumba humpa mpita njia mahali pa kuketi na kupewa salamu. Hatusemi Nairobi igeuzwe Lamu. Mji wa mamilioni hauwezi kulishwa kwa punda. Twasema kuwa kivuli, kikao na mwendo wa pole ni mambo ambayo mji wowote waweza kuyaiga. Nairobi yenyewe ilijaribu mwaka 2019 katika Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio na simu. Nafasi ya motokaa ilipunguzwa zikaenda upande mmoja tu, na njia za miguu zikapanuliwa. Duka haliuzi kwa motokaa ipitayo mbio. Huuza kwa mtu asimamaye akatazama.

Ahadi pia imekwisha andikwa. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyokusudia kutenga shilingi 20 katika kila 100 za ujenzi wa barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Ni neno jema. Lakini karatasi haimvushi mtoto barabara. Atembeaye mjini bado hukuta njia ya miguu inayoanza vizuri ikaishia mtaroni, nyingine imegeuzwa maegesho, na nyingine pikipiki zimepanda juu yake zikimpigia honi mwenye njia.

Jambo moja zaidi halina gharama kubwa kama daraja: kupunguza mwendo. Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa motokaa inapopandisha mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 65, hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na sehemu yake ya mbele huongezeka mara nne u nusu. Nyongeza hiyo ya kilomita 15 humwokolea dereva dakika chache tu katika safari ya mjini. Wala mwenda kwa miguu hana ruhusa ya kuwa mzembe. Yampasa kutazama pande zote, kuondoa simu sikioni avukapo, na kulitumia daraja panapokuwa na daraja zuri. Ila adhabu ya kusahau kidogo isiwe kifo. Mjenzi mwema hujenga akijua kuwa watoto hucheza, wazee husikia kidogo, na walevi hurudi nyumbani usiku.

Wazee walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Ni shauri la busara kwa mtu mmoja aliyekutana na simba porini. Halifai kuwa sheria ya mji, maana mji hujengwa ili mnyonge aishi pamoja na mwenye nguvu bila kumwogopa. Barabara zetu nyingi zimechorwa kwa methali hiyo, na hukumu yetu juu yake ni kwamba ustadi upo, lakini uadilifu umepungua. Miongoni mwenu msomao kurasa hizi watatoka wahandisi, madiwani na mahakimu. Siku mtakapowekewa mchoro wa barabara mbele yenu, msiulize kwanza motokaa ngapi zitapita kwa saa. Tafuteni juu ya karatasi ile mahali mtoto wa miaka saba atakapovukia kwenda shule. Msipopaona, rudisheni mchoro ukachorwe tena.