Watunza Kumbukumbu wa Ireland

Miongoni mwa kazi ambazo ulimwengu huzitegemea bila ya kuzishukuru, sijui iliyo na subira kuu kuliko ile ya watawa wa Kikatoliki wa Ireland walioandika na kuhifadhi kumbukumbu za nyumba zao. Na kila nisikiapo kuwa nyumba nyingine kule imefungwa kwa uchache wa watawa, hunishika huzuni, kwani makasha ya nyaraka huhamishika, lakini ule mkono uliozoea kuyajaza hauhamishiki.

Kwangu mimi, imamu wa kazi hiyo ni Mícheál Ó Cléirigh, Mfransisko ambaye hakuwa padri bali bruda. Alitumwa kutoka Louvain, katika chuo cha Mtakatifu Anthony kilichoasisiwa mwaka 1607 kwa ajili ya Wairishi walio uhamishoni, naye akarudi kwao mwaka 1626, akazunguka miaka 11 akitafuta vitabu vya kale na kuvinakili. Wengi humsifu kwa tarehe kubwa ya Ireland aliyoitunga pamoja na wenzake kati ya mwaka 1632 na 1636. Mimi namsifu zaidi kwa adabu yake. Mwishoni mwa nakala zake aghalabu hueleza amenakili kutoka kitabu gani, mahali gani na siku gani. Na alipokuta habari isiyomwingia akilini hakuthubutu kuipinda, bali aliiacha kama ilivyo, akitoa udhuru kwamba wakubwa wake wamemwamuru afuate nyayo za vitabu vya kale. Vitabu vingi kati ya hivyo vimekwisha kupotea, na lau angalitia yake, tusingalijua leo lipi la wahenga na lipi lake.

Sehemu ya hazina hiyo ya Wafransisko ilihamishiwa Rome, ikafika Dublin mwaka 1872, na mwaka 2000 ikakabidhiwa University College Dublin. Nyaraka za serikali hazikupata bahati hiyo: mwezi wa Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu pale Four Courts iliteketea pamoja na maandishi ya karne nyingi, na tangu hapo makabati ya watawa yakazidi thamani.

Masista nao walikuwa na daftari za nadhiri, za matukio ya kila mwaka na za sifa za marehemu wao, zilizoandikwa kwa khati safi na watu wasiotia majina yao. Masista wa Loreto walipofika Kenya mwaka 1921, habari zao ziliandikwa vivyo hivyo, hata ikawa sehemu ya tarehe yetu sisi imo katika makabati ya ugenini.

Si kila daftari ni la kujivunia. Zimo za makao ambamo wasichana waliozaa nje ya ndoa walitenganishwa na watoto wao, na watoto hao, leo wazee, wanatafuta majina ya mama zao. Sheria ya mwaka 2022 imewapa haki ya kupewa habari za kuzaliwa kwao, lakini penye mstari ulioachwa mtupu au jina lililoandikwa kwa pupa, haki hiyo haiwafikishi mbali. Na sisi tunaoandika barua zetu ndani ya simu na kuzifuta simu ijaapo, tutawaachia wajukuu wetu wakaulize wapi?