Yuniti za Kibabii Zinavyohesabiwa Marekani

Mwanafunzi aliyesomea sayansi ya kompyuta miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, akipata nafasi ya kuhamia chuo cha Marekani hutarajia kuingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Si ajabu akajikuta wa pili. Wanaolalamika husema vyuo vyetu vinadharauliwa. La hasha, hapa kuna hesabu, na hesabu hiyo inafuatika.

Tuchukue mwanafunzi wa mfano: yuniti 7 kila muhula, mihula 4, jumla yuniti 28. Yuniti ya saa 45 za mihadhara hulingana na krediti 3 za Marekani, kwa kuwa huko krediti moja ni saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa takriban wiki 15. Kwenye karatasi, basi, ana krediti 84, na shahada nzima ya kwanza kwa kawaida ni 120! Furaha hiyo haidumu. Watathmini huuhesabu mwaka mmoja wa Kenya kuwa mwaka mmoja wa Marekani, yaani krediti 30 hivi, na zile 84 hushuka hadi karibu 60.

Marekani haina wizara wala tume inayoamua jambo hili kwa niaba ya vyuo vyote. Kila chuo kina kauli yake. Vingi hutaka kwanza ripoti ya shirika la tathmini, kama vile WES la New York, lililoanzishwa 1974, au ECE la Milwaukee. Ripoti inayofaa ni ile inayochambua somo baada ya somo. Transkripti hutakiwa kutoka kwa msajili mwenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri au kwa njia ya mtandao, na matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, huthibitishwa na KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Ufunguo wa alama nao usikosekane. Kenya 70 ni A. Katika madarasa mengi ya Marekani 70 ni C hafifu.

Kinachouma zaidi huja baadaye, mezani kwa idara. Krediti 60 zinaweza kukubaliwa zote, kisha nusu yake zikatupwa kwenye kapu la masomo ya hiari, zisipunguze hata somo moja la lazima. Shahada ya Kenya huanza fani tangu mwaka wa kwanza, ilhali ya Marekani hudai pia historia, sanaa, sayansi ya maabara na uandishi. Ile yuniti ya stadi za mawasiliano, ambayo wanafunzi wengi wa Kenya huipitia, mara nyingi haitoshi kuchukua nafasi ya somo la uandishi wa Kiingereza. Diploma ya ufundi kutoka Kitale National Polytechnic ina safari ngumu zaidi: vyuo vingine huipa krediti chache, vingine haviipi chochote.

Jirani naye ana lake. Kijana wa Bungoma aliyevuka mpaka wa Lwakhakha akasoma kidato cha sita Uganda anaweza kupewa krediti za mwaka wa kwanza kwa masomo aliyofaulu vizuri, wakati mwenzake mwenye A ya KCSE hapewi. Kenya iliacha mtihani wake wa kidato cha sita mwaka 1989.

Kinachoikomboa yuniti kutoka kapu la hiari ni silabasi: mada za kila wiki, saa za maabara, vitabu, namna ya kutahini. Jina la somo pekee halimwambii profesa wa Ohio kama “Miundo ya Data” ya Kibabii ni sawa na yake. Hata hivyo, vyuo vingi humtaka mwanafunzi asomee kwao angalau krediti 30, kwa hiyo aliyekaribia kuhitimu Kenya hana faida kubwa ya kuhama; heri amalize, kisha aombe shahada ya uzamili. Aliyeamua kuhama aombe silabasi za yuniti zote, zikiwa na muhuri wa idara, kabla hajaondoka Bungoma au Kitale.